Pauni moja juu ya kikomo: kisa cha mlezi, wizara na wabunge wawili

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki cha mlezi aliyetakiwa na wizara kurudisha posho yake kinatoka katika jimbo moja la kaskazini mwa England, kuanzia Aprili 2024 hadi mwisho wa 2025. Jina la mlezi, mji wake, mwajiri, wabunge wawili walioshughulikia jambo lake na vyama vyao vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili asitambulike. Viwango vya posho, kima cha chini cha mshahara na tarehe za Bunge ni vya rekodi ya umma.

Nakiandika kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, hasa wale ambao majirani huwapelekea bahasha za kahawia wakiwaomba wawasomee. Wengi wao ushauri wa kwanza wanaoutoa ni huu: nenda kwa mbunge. Ushauri huo si mbaya. Ila mbunge husaidia sana katika baadhi ya hatua, na katika hatua nyingine kumngoja ni hatari, na kisa hiki kinaonyesha zote mbili ndani ya faili moja.

## Mbunge wa Uingereza ana nini mkononi

Bunge la Westminster lina wabunge 650. Kwa mipaka iliyoanza kutumika mwaka 2024, karibu kila jimbo la England lina wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062. Kwa kawaida mbunge huwa London kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa huwa jimboni, akikaa kwenye maktaba, ukumbi wa kanisa au ofisi yake kuonana na wananchi. Mwaka mzima kazi kubwa ya ofisi hiyo huwa ni posho zilizokatwa, nyumba zenye ukungu, viza zilizochelewa, basi lililoondolewa na tawi la benki linalofungwa.

Msomaji aliyekulia Kenya au Tanzania atatarajia mbunge awe na fungu la kutengeneza jambo. Kenya kumekuwa na mfuko wa maendeleo ya majimbo, NG-CDF, na Tanzania kuna mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo. Mbunge wa Uingereza hana mfuko wa namna hiyo. Ana bajeti ya kuendesha ofisi tu, yaani mishahara ya wasaidizi na kodi ya pango, na hata hiyo husimamiwa na mamlaka huru iliyoundwa mwaka 2009 baada ya kashfa ya matumizi ya wabunge. Hawezi kujenga wala kuchimba, na hawezi kuiamuru halmashauri, kwa kuwa nyumba, barabara na huduma za wazee ni kazi ya halmashauri yenyewe.

Anachoweza ni kuandika barua ambayo wizara inawajibika kuijibu, kuuliza swali bungeni kwa mdomo au kwa maandishi, kuomba mjadala, na kupeleka lalamiko dhidi ya wizara kwa Ombudsman, afisa huru anayechunguza utendaji mbovu wa serikali, ambako mwananchi hawezi kulifikisha bila kupitia kwa mbunge. Hawezi kubatilisha uamuzi wa wizara, wala kumwambia jaji wa baraza la rufaa aamue nini.

Kila mkazi wa jimbo ana haki ya kwenda kwake, awe raia au la, awe alimpigia kura au la. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaoishi Uingereza kihalali wanaweza hata kupiga kura katika uchaguzi mkuu, kwa sababu nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Mkongomani au Mrundi asiye na uraia wa Uingereza hapigi kura hiyo, lakini mlango wa mbunge uko wazi kwake vilevile. Tahadhari moja tu: mwenye viza inayomzuia kupokea fedha za umma apate kwanza ushauri wa uhamiaji kabla ya kuomba posho yoyote.

## Kikomo kisicho na ngazi

Mhusika ni mwanamke wa makamo, mfanyakazi wa usafi katika ofisi, anayelipwa kima cha chini cha mshahara kwa saa 14 kila wiki. Saa zake nyingine alimhudumia mama yake mzazi, aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau na hawezi kuachwa peke yake. Kwa kazi hiyo alipokea posho ya mlezi, Carer's Allowance.

Posho hii ilianza mwaka 1976, na kwa miaka kumi ya kwanza wanawake walioolewa hawakuruhusiwa kuidai kabisa, kana kwamba ulezi wao ulikuwa sehemu ya ndoa. Kesi iliyofika mahakama ya Ulaya mwaka 1986 ndiyo iliyoondoa ubaguzi huo. Siku hizi anayemhudumia mgonjwa au mlemavu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kuidai, mradi mapato yake ya kazi yasivuke kikomo.

Ukatili wa sheria hii uko kwenye hicho kikomo. Mwaka wa fedha wa 2024/25 posho ilikuwa pauni 81.90 kwa wiki na kikomo pauni 151. Aliyepata 151 alilipwa posho nzima, na aliyepata 152 hakulipwa chochote. Hakuna kupunguziwa kidogo kidogo. Mtu aliyezidisha pauni moja kila wiki kwa mwaka mzima alikuwa amepata pauni 52 za ziada, na angetakiwa kurudisha pauni 4,258.80.

Sasa tazama hesabu ya mlezi wetu. Mwaka 2021/22 kima cha chini kilikuwa pauni 8.91 kwa saa, hivyo saa 14 zilimpa 124.74. Kikomo kilikuwa 128, na alikuwa salama. Aprili 2022 kima cha chini kikapanda hadi 9.50. Saa zilezile 14 zikampa pauni 133, na kikomo kipya kilikuwa 132. Aprili 2023 kima kikawa 10.42, mshahara wake 145.88, kikomo 139.

Hakuongeza hata dakika moja ya kazi. Serikali iliyopandisha kima cha chini ndiyo hiyohiyo iliyopanga kikomo, na mwaka 2022 viwango hivyo viwili vikapishana kwa pauni moja. Kila mwaka alipokea barua ya wizara yenye kikomo kipya, na hilo lazima lisemwe kwa haki. Lakini aliyasoma masharti yake kama mtu ambaye hajabadilisha chochote: saa zile, kazi ile, mwajiri yule.

Wizara ya Kazi na Pensheni nayo ilikuwa na njia ya kujua. Mfumo wake hupokea taarifa za mishahara kutoka mamlaka ya kodi na hutoa tahadhari pale mpokea posho anapovuka kikomo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya tahadhari hizo haikushughulikiwa kwa uhaba wa watumishi, na kamati ya Bunge ya kazi na pensheni ililionya jambo hilo tangu mwaka 2019. Magazeti yalipoliibua upya mwaka 2024, ilibainika kwamba zaidi ya walezi 130,000 walikuwa wakidaiwa jumla ya zaidi ya pauni milioni 250.

## Yaliyotokea

Mwishoni mwa Aprili 2024 mlezi alipata barua: hukustahili posho tangu Aprili 2022 hadi Machi 2024, rudisha pauni 7,615.40, pamoja na adhabu ya pauni 50 kwa kutotoa taarifa. Alikuwa na mwezi mmoja wa kuomba wizara iutazame upya uamuzi huo.

Katikati ya Mei alifika siku ya mbunge ya kuonana na wananchi. Mbunge alimsikiliza kwa upole na kuahidi kumwandikia waziri. Afisa wa kesi aliyekaa pembeni akamtolea fomu ya ridhaa, kisha akamwambia jambo ambalo mbunge hakulisema: usingoje jibu la waziri, andika ombi lako la mapitio leo. Wakaliandika pamoja palepale, kwa sentensi chache, likapostiwa kabla ofisi haijafungwa.

Tarehe 22 Mei Waziri Mkuu Rishi Sunak akatangaza uchaguzi. Bunge likavunjwa tarehe 30 Mei, na tangu siku hiyo Uingereza haikuwa na mbunge hata mmoja, kwa kuwa kiti hukoma Bunge linapovunjwa. Barua ya mbunge kwa waziri ilikuwa imeshaondoka, lakini aliyeiandika hakuwa tena na cheo cha kupokelea jibu. Tarehe 4 Julai alishindwa. Ofisi yake ikafungwa na wasaidizi wakaachishwa kazi. Mipaka ya jimbo ilikuwa imebadilishwa pia, kwa hiyo hata jina la jimbo halikuwa lile aliloandika mlezi kwenye bahasha zake.

Sheria ya ulinzi wa data hairuhusu faili la mwananchi kuhamishiwa kwa mbunge mpya bila ridhaa yake, na hakuna aliyemwomba mlezi ridhaa hiyo. Aliamini kesi yake inaendelea. Haikuwa mikononi mwa mtu yeyote.

Katikati ya Agosti wizara ikajibu ombi la mapitio: uamuzi haubadiliki. Tangu tarehe ya barua hiyo alikuwa na mwezi mmoja wa kukata rufaa kwenye baraza huru. Aliiweka pamoja na nyingine, akingoja mbunge amwambie la kufanya.

Mapema Septemba mbunge mpya alifungua milango. Zaidi ya nusu ya wabunge waliochaguliwa Julai walikuwa wapya kabisa, na wengi walitumia wiki za kwanza kutafuta wasaidizi na mahali pa kukaa. Mlezi akaja na mfuko wa barua. Afisa mpya akazipanga kwa tarehe juu ya meza na kugundua kwamba zimebaki siku chache tu kabla muda wa rufaa haujaisha. Akapiga simu kwenye shirika la ushauri wa bure la mjini, na mshauri akakubali kumwona mlezi kesho yake.

Huyo mshauri ndiye aliyeuliza swali ambalo tangu Aprili hakuna aliyeliuliza: naomba slipu zako za mshahara.

## Slipu za mshahara

Kwenye slipu kulikuwa na makato ya asilimia 5 kwa ajili ya pensheni ya kazini. Mapato yanayolinganishwa na kikomo si mshahara mzima. Huondolewa kodi, bima ya taifa, na nusu ya mchango wa pensheni. Mlezi hakuwa akilipa kodi wala bima kwa sababu mshahara wake ulikuwa mdogo mno, lakini pensheni alichangia. Asilimia 5 ya pauni 133 ni 6.65, na nusu yake ni 3.32. Mapato yake kisheria kwa mwaka 2022/23 yalikuwa takriban pauni 129.68, na kikomo ni 132. Hakuwa amevuka. Deni zima la mwaka wa kwanza, pauni 3,624.40, halikuwa na msingi.

Mwaka wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Ukiondoa nusu ya pensheni, 145.88 inashuka hadi 142.23, na hiyo bado ni zaidi ya 139. Mshauri akauliza swali la pili: unapokuwa kazini, nani anakaa na mama? Jirani. Unamlipa? Tangu Oktoba 2023, ndiyo, pauni 15 kwa wiki kwa benki. Kabla ya hapo?

Kabla ya hapo jirani alikaa kwa hisani, naye akapelekewa chakula na kusaidiwa usafi wa nyumba.

Sheria huruhusu gharama ya kumlipa mtu asiye ndugu wa karibu ili amwangalie mgonjwa wakati mlezi yuko kazini, mradi isizidi nusu ya mapato. Malipo ya benki kuanzia Oktoba 2023 yalimshusha chini ya kikomo kwa miezi sita ya mwisho. Miezi sita ya kwanza ya mwaka huo haikuwa na malipo, bali ujirani mwema, na ujirani mwema hauna mstari kwenye fomu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Wanawake wawili waliosaidiana bila fedha waliishia kuadhibiwa kwa kutolipana.

Hesabu hiyohiyo ilionyesha kitu kingine. Kwa mwaka 2024/25, baada ya makato hayo mawili, mlezi alistahili posho, ilhali alikuwa ameacha kuipokea tangu barua ya Aprili. Alijaza ombi jipya mara moja. Posho hii hurudishwa nyuma kwa miezi mitatu tu, kwa hiyo wiki za kuanzia Aprili hadi katikati ya Juni zilipotea moja kwa moja.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa ofisi mpya ulikuwa kugawana kazi. Rufaa ilibaki kwa mshauri, kwa sababu ofisi ya mbunge si ofisi ya wanasheria na barua ya mbunge haina uzito mbele ya jaji. Mbunge alichukua yale yaliyo nje ya rufaa: kuomba urejeshaji usimame hadi rufaa isikilizwe, na kuuliza tahadhari za mfumo zilikwenda wapi.

Hapo pakatokea ubishi. Mbunge alitaka hoja kuu ya rufaa iwe kwamba wizara ilijua. Tahadhari ilikuwepo, miaka miwili ikapita, sasa wanamdai nani? Ni hoja inayoingia akilini na moyoni. Mshauri aliipinga. Katika kesi ya Hinchy ya mwaka 2005, mahakama ya juu ya wakati ule, House of Lords, iliamua kwamba mpokea posho ana wajibu wa kuiarifu ofisi husika hata kama sehemu nyingine ya wizara ina taarifa hiyo tayari. Rufaa ikijengwa juu ya “mlijua”, itaanguka, na itaanguka pamoja na hoja ya pensheni iliyozikwa chini yake. Mbunge alikubali kuipeleka hoja hiyo mahali pengine, yaani bungeni, ambako sheria yenyewe inaweza kulaumiwa.

Pili, walifikiria njia ya Ombudsman wakaiweka kando. Lalamiko dhidi ya wizara hii hupita kwanza kwa mchunguzi huru wa malalamiko, na Ombudsman kwa kawaida hagusi jambo lenye njia ya rufaa.

Tatu, gazeti la mtaa liliomba picha na mahojiano. Mlezi alikataa, na ofisi haikumbembeleza. Mama yake alikuwa na siku za fahamu na siku za kupotea, na hakutaka jina la nyumba yao lijulikane kama nyumba yenye deni la serikali.

Nne, basi. Mlezi alikuwa amejaribu kupunguza saa zake hadi 12 ili abaki chini ya kikomo. Mwajiri alikubali, ila kwa zamu ya jioni tu, na basi la mwisho la njia ile lilikuwa limeondolewa. Nje ya London mabasi mengi ya England yako mikononi mwa kampuni binafsi tangu mageuzi ya mwaka 1986, na njia isiyo na faida hubaki tu kama halmashauri itailipia. Mbunge aliitisha kikao cha kampuni, halmashauri na wakazi, akakusanya sahihi, akaandika barua. Kazi hiyo ilichukua majira yote ya baridi.

## Bungeni

Mlezi hakuwa peke yake jimboni. Ofisi ilipotangaza kwamba inasikiliza madeni ya posho ya walezi, walijitokeza wengine: aliyeangushwa na malipo ya likizo, aliyeangushwa na bonasi ya Krismasi, na baba wa mtoto mlemavu ambaye saa zake za kazi hubadilika kila wiki. Mbunge aliyaandika maswali yake kwa waziri kutokana na visa hivyo, akavitumia katika mjadala bila kutaja mtu.

Tarehe 16 Oktoba 2024 serikali ilitangaza uchunguzi huru wa madeni ya posho ya walezi, chini ya Liz Sayce, mtetezi wa siku nyingi wa haki za walemavu. Tarehe 30 Oktoba, katika bajeti, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba kikomo kitafungamanishwa na mshahara wa saa 16 kwa kima cha chini, na Aprili 2025 kikapanda hadi pauni 196. Mbunge mmoja wa jimbo moja hakuyaleta mabadiliko hayo. Yaliletwa na walezi waliokubali kusema, mashirika yao, waandishi wa habari na wabunge wengi wa vyama mbalimbali waliouliza swali lilelile. Lakini ndivyo Bunge linavyosukumwa, na faili la jimboni lisilofika huko hubaki faili.

## Matokeo

Urejeshaji ulisimamishwa rufaa ikisubiri. Mapema 2025, kabla ya kusikilizwa, wizara iliutazama tena uamuzi wake na kuufuta mwaka wa kwanza wote kwa sababu ya pensheni. Majira ya joto jaji wa baraza la rufaa alikubali malipo ya jirani kwa miezi sita ya mwisho, na akaifuta adhabu ya pauni 50. Zilibaki wiki 26 kwa pauni 76.75, yaani pauni 1,995.50, atakazolipa pauni 25 kila mwezi.

Posho yake ilirudi, na kwa kikomo kipya hahitaji tena kupiga hesabu kila Ijumaa. Saa 14 kwa kima cha Aprili 2025 ni pauni 170.94.

Basi la jioni halikurudi.

## Uchambuzi

Lililookoa kesi hii Mei 2024 ni karatasi moja ya ombi la mapitio iliyopostiwa siku ileile. Kama afisa yule angeridhika na ahadi ya barua kwa waziri, mwezi ungepita, Bunge lingevunjwa, na mlezi angeanza Septemba akiwa na jukumu la kueleza kwa nini amechelewa. Maombi ya kuchelewa hukubaliwa wakati mwingine, lakini huwezi kujenga kesi juu ya “wakati mwingine”. Tarehe ya mwisho haisimami kwa sababu mbunge ameandika.

Barua ya mbunge wa kwanza naihesabu kuwa dhaifu, ingawa nia yake ilikuwa njema. Iliomba huruma. Haikuwa na namba hata moja: si saa, si mshahara, si pensheni. Wizara inapopata barua ya huruma hujibu kwa masikitiko na kunukuu sheria, na haikosei kisheria ikifanya hivyo. Barua yenye slipu imeambatishwa humlazimu mtu kukaa na kikokotoo. Kwa mlezi huyu, karibu nusu ya deni lote ingeweza kuondoka Mei 2024, kama mtu angeuliza slipu siku ya kwanza.

Kosa hilo lilizaa lingine. Kwa kuwa hesabu haikupigwa mapema, kila mtu alikuwa ameshaamini tiba ni kupunguza saa, na ofisi ikaendelea kulishughulikia basi kama sehemu ya kesi hii. Hesabu ya mshauri ilikuwa imeonyesha kwamba mlezi hakuhitaji kupunguza saa. Basi lilistahili kupiganiwa kwa ajili ya wauguzi na wafanyakazi wa maghala wanaotoka kazini usiku. Lakini lilipiganiwa kwa hoja isiyo yake, na halmashauri ilipouliza ni abiria wangapi watakaolitumia, ofisi ilikuwa na simulizi moja na haikuwa na hesabu ya abiria.

Pengo la uchaguzi ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu litatokea tena kila Bunge linapovunjwa. Mbunge anayejua kwamba anaweza kushindwa anaweza kuwaandikia wenye kesi zilizo wazi mistari mitatu: kesi yako imefika hapa, tarehe yako inayofuata ni hii, weka sahihi hapa kama unaruhusu faili liende kwa atakayekuja. Siku nane zilizopita kati ya tangazo la uchaguzi na kuvunjwa kwa Bunge zilitosha kwa barua hiyo. Haikuandikwa, na mtu aliyehitaji kuambiwa “sasa uko peke yako” hakuambiwa na yeyote kwa miezi mitatu.

Kuitenga hoja ya “mlijua” na rufaa ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya ofisi mpya. Hoja ilikuwa ya haki kimaadili na dhaifu kisheria. Ilipopelekwa bungeni ilipata mahali pake, na kwenye rufaa ikabaki hesabu ambayo jaji angeweza kuikubali bila kumlaumu mtu.

Ripoti ya Sayce ilitoka Novemba 2025, na serikali ikakubali sehemu kubwa ya mapendekezo yake. Ilionyesha kwamba mwongozo wa wizara kuhusu kuwianisha mapato yanayopanda na kushuka haukuendana na sheria kwa miaka kadhaa, na kesi nyingi za namna hiyo zitapitiwa upya. Yule baba mwenye saa za kubadilikabadilika ana matumaini ya kweli. Mlezi wetu hana, kwa kuwa mshahara wake haukuyumba. Ulipandishwa na sheria mara moja kila Aprili, ukakaa palepale. Mbunge wake ameendelea kuuliza kuhusu kundi hilo la watu wasiobadilisha saa zao. Ofisi nayo imebadilisha fomu ya kwanza: kabla ya kueleza kisa, mwananchi anaulizwa tarehe iliyo juu ya barua, slipu za mshahara, anachangia pensheni au la, na nani anakaa na mgonjwa yeye akiwa kazini.

Deni lililobaki, kwa pauni 25 kwa mwezi, litaisha mwaka 2032.